Jeddah Si Mbali Kama Tunavyodhani: Njia ya Hijja Kutoka Unguja, Tangu Jahazi Hadi Ndege



Wateja wanaokuja kwetu kushona nguo za harusi siku hizi wanatuletea na kazi ya pili, nguo za Umra. Bibi harusi anapimwa gauni la walima, akimaliza anasema, "Na majuba mawili mepesi ya pamba, fungate tunakwenda Makka." Hapo mama au shangazi aliyemsindikiza hutikisa kichwa. Makka mbali, mwanangu. Si bora mwende Muscat kwa ami zenu mkapumzike? Hijja na Umra mtakwenda mkishakuwa watu wazima.

Tumeyasikia maneno haya mara nyingi mpaka tukaona tuyatafutie asili yake. Tuanze na namba. Kutoka uwanja wetu wa ndege wa Abeid Amani Karume hadi uwanja wa Muscat ni kilomita 3,900 hivi kwa mstari ulionyooka. Hadi Dubai ni karibu hizo hizo. Hadi Jeddah ni 3,100. Yaani Muscat, tunakokuona kama mtaa wa pili kwa sababu kila nyumba ina ndugu huko, kuko mbele kuliko Jeddah kwa kilomita 800. Ndege ikiruka moja kwa moja, Jeddah ni mwendo wa saa nne na robo mpaka nne na nusu. Muscat ni saa tano na zaidi.

Basi hofu hii ya umbali tumeirithi wapi? Sisi tunaona tumeirithi kwa upepo, na ndiyo habari tunayotaka kuieleza.

Kwanza tuangalie ramani. Ukiweka rula juu ya Unguja ukaielekeza kaskazini moja kwa moja, utapita magharibi kidogo ya Mombasa, utafika Moyale mpakani mwa Kenya na Ethiopia, utapita karibu na mji wa Adama, kisha katikati ya Asmara na Massawa, utavuka Bahari ya Shamu, na rula itakufikisha Jeddah. Unguja na Jeddah ziko kwenye longitudo moja, ya 39 mashariki. Ndiyo maana saa yao na saa yetu ni moja. Huna haja ya kugeuza saa ya mkononi unapotua, wakati Muscat wametutangulia kwa saa nzima.

Wazee wetu walilijua hili bila ya rula. Mabaharia wa pwani walipotaka kusema kaskazini walisema kibla, na kusini wakaiita suheli, kwa jina la nyota. Kwa mtu wa Morocco au wa Java neno kibla haliwezi kuwa na maana ya kaskazini, lakini kwetu linafaa kabisa, maana Makka iko kaskazini yetu na tofauti yake haizidi nyuzi mbili. Nendeni Kizimkazi Dimbani mkautazame msikiti ule wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia. Mihrabu yake inatazama huko huko. Zaidi ya miaka 900 iliyopita watu wa kisiwa hiki walijua sawasawa Makka iko upande gani. Walichokosa ni njia iliyonyooka ya kwendea.

Maana jahazi haliendi kwa rula. Katikati ya Unguja na Jeddah kuna nchi kavu, na ile Pembe ya Afrika imejitokeza baharini kama kiwiko. Nahodha alilazimika kwenda mashariki na kaskazini kuufuata mwambao wa Somalia mpaka Rasi ya Guardafui, akageuka kurudi magharibi hadi Aden, akaingia mlango wa Bab el Mandeb, ndipo akaanza kupanda Bahari ya Shamu. Ni zaidi ya kilomita 4,000, na nyingi kati ya hizo ni za kutoka kwenye mstari na kuurudia.

Hata hivyo masafa yalikuwa mzigo mdogo. Mzigo mkubwa ulikuwa kusubiri.

Watoto wa pwani tunazijua pepo zetu mbili. Kaskazi inaleta majahazi kutoka Arabuni, kuanzia Disemba mpaka Machi. Kusi inayarudisha, inaanza Aprili. Lakini kusi ikishika kweli, mwezi wa Juni na Julai, bahari ya Arabuni inakuwa haisafiriki kwa jahazi, kwa hiyo nahodha huondoka mapema, Aprili au Mei, au husubiri mpaka ilegee mwezi wa Agosti na Septemba. Haya, tuseme ameondoka Aprili na Mungu amemjaalia upepo mzuri. Wiki tatu, nne, au zaidi, yuko Aden. Hapo anakutana na upepo mwingine. Katika Bahari ya Shamu, miezi hiyo ya Juni hadi Septemba, upepo unatoka kaskazini-magharibi, usoni kwake. Na ukifika usawa wa Jeddah unatoka huko huko mwaka mzima. Ule upepo wa kusi uliomsukuma kutoka Unguja umekwisha kazi yake mlangoni. Abiria walishuka Aden wakasubiri, au wakatafuta chombo kidogo cha watu wa huko kinachojua kujipenyeza kando ya mwambao.

Tena kuna jambo ambalo sisi wenyewe hatukuwahi kulifikiria mpaka tulipoanza kuhesabu. Upepo unafuata mwaka wa jua, ule ambao wazee waliuhesabu kwa Nairuzi na ambao Makunduchi bado wanauadhimisha kwa Mwaka Kogwa. Hijja inafuata mwezi, na kila mwaka inarudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja. Kwa hiyo kalenda ya nahodha na kalenda ya haji hazikuwa moja. Mwaka mmoja Hijja inaangukia vizuri, unafika Jeddah siku chache kabla. Miaka michache baadaye unafika ikiwa imeshapita, au unafika miezi mitano kabla na huna pa kukaa. Mzunguko mzima unachukua miaka 33 hivi kurudi pale pale. Binti aliyezaliwa mwaka ambao upepo na Hijja vimepatana, angekuwa na umri wetu sisi siku vinapopatana tena vile vile.

Na ukimaliza Hijja hurudi siku ya pili yake. Unasubiri kaskazi. Ukiondoka nyumbani Aprili, unaweza kuwa bado uko ugenini Disemba. Jumlisha yote: karibu mwaka, pengine na zaidi, kwa ibada ambayo siku zake kuu hazizidi sita.

Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 baada ya kukaa Makka, aliandika kuwa kutoka Zeila hadi Mogadishu peke yake walisafiri siku 15 baharini. Naye alikuwa mwanamume, hana mtoto mgongoni, na kusafiri ndiyo kazi yake.

Sasa mfikirieni mwanamke. Binti ameolewa ana miaka 17, akifika 20 ana mtoto mmoja anayetambaa na mwengine yuko njiani. Mwaka mzima wa jahazi, maji ya kupimwa kwa kata, sitara hakuna, mume aache shamba au duka miezi kumi. Ataondoka vipi? Atakwenda watoto wakishakua, wajukuu wakishaanza kuoa, kama bado ana nguvu na kama mume bado yuko hai. Ndiyo maana bibi zetu wengi Hijja yao ilifanywa na mtu mwengine. Waliacha dhahabu kidogo, mikufu na bangili, na wosia kwamba mtoto akijaaliwa awafanyie Hijja ya badali. Wako wasomaji wetu ambao bangili za bibi yao ziliuzwa kwa kazi hiyo, na wengine bado wanalo deni hilo.

Kwa maoni yetu, huku ndiko yalikotoka maneno ya "Hijja ya watu wazima". Dini haikusema hivyo. Dini imesema mwenye uwezo, na uwezo ni mali, afya na usalama wa njia. Uzee haumo. Upepo ndio uliomfanya kijana, na hasa mama kijana, akose uwezo, kisha jambo la upepo likageuka kuwa ada, na ada ikabaki wakati majahazi yameshaondoka.

Meli za moshi zilipoanza, njia ilifupika kwa haraka sana. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwanzoni mwa miaka ya 1870, enzi ya Sayyid Barghash, meli za barua za kampuni ya British India zikaanza safari kati ya Aden na Unguja. Meli haiulizi kusi wala kaskazi. Safari ya wiki nne ikawa ya siku kumi hivi. Lakini kusubiri hakukwisha, kulihamia mahali pengine. Kwa ajili ya kuogopa kipindupindu, serikali ya Uturuki ilifungua kituo cha karantini mwaka 1882 katika kisiwa cha Kamaran, karibu na pwani ya Yemen, na meli za mahujaji zinazotoka kusini zikalazimika kusimama hapo. Mahujaji walishushwa, nguo zao zikatiwa mvuke wa dawa, wakazuiliwa siku kadhaa kwenye joto lile kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Ukishuka Jeddah bado una usiku mbili juu ya ngamia kufika Makka, ambako ni kilomita 80 hivi, sawa na kutoka hapa kwenda Dar es Salaam.

Ndege zilipofika kwetu, hazikuja kwa ajili ya Hijja. Miaka ya 1930 ndege ndogo za Wilson Airways zilianza kuleta barua na abiria kutoka Nairobi kupitia Mombasa na Tanga mpaka Unguja. Kampuni ile ilianzishwa mwaka 1929 na mwanamke, Florence Kerr Wilson, mjane aliyetoa fedha zake mwenyewe. Tunamtaja kwa sababu wafanyabiashara wanawake tunapenda kujua nani alitutangulia. Vita vya 1939 viliifunga. Baadaye, mwaka 1946, likaja East African Airways. Upande wa pili, mwaka 1945 Rais Roosevelt wa Marekani alimzawadia Mfalme Abdulaziz ndege moja ya DC-3, na kutokana na hiyo shirika la ndege la Saudia likazaliwa. DC-3 ilikwenda kilomita 300 hivi kwa saa. Fanyeni hesabu: kilomita 3,100 ni zaidi ya saa kumi hewani, na njiani lazima itue kutia mafuta, maana haikuweza kubeba mafuta ya kufika. Hata hivyo saa kumi, mbele ya miezi kumi!

Uwanja wetu wenyewe wa Kisauni ulikuwa mfupi kwa ndege kubwa zilizojaa watu na mafuta. Njia yake ya kurukia ilirefushwa mwaka 2010 hadi mita 3,022, na mwaka huo huo ukapewa jina la Mzee Karume. Mita hizo ni sehemu ya habari ya Hijja pia, ingawa hakuna anayezisimulia. Njia ikiwa fupi, ndege hubeba watu wachache au mafuta kidogo, na msafiri wa mbali hulazimika kwanza kuvuka kwenda Dar es Salaam au Nairobi.

Upande wa Jeddah kuna kitu ambacho sisi mafundi cherahani hatuwezi kukipita bila kusimama. Uwanja mpya wa Mfalme Abdulaziz ulifunguliwa mwaka 1981, na jengo lake la mahujaji limeezekwa kwa kitambaa. Kweli, kitambaa! Ni nyuzi za kioo zilizofumwa kisha zikapakwa Teflon, ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyoganda. Yako mahema 210, kila moja limevutwa kwa nyaya kutoka kwenye nguzo za chuma, juu kuna tundu la kutolea joto, na chini yake watu wanakaa kivulini bila kuta, upepo unapita. Mhandisi wake mkuu alikuwa Fazlur Rahman Khan, Muislamu aliyezaliwa Dhaka na kufanya kazi Chicago, yule yule aliyehesabu maghorofa marefu ya huko. Alifariki Jeddah mwezi wa Machi 1982, jengo likiwa limeshaanza kupokea wageni wa Allah. Allah amrehemu. Mwenye kujua kazi ya kukata hema la sherehe ataelewa ugumu wa kukikata kitambaa bapa ili kikivutwa kitoke umbo la koni bila mkunjo hata mmoja, mara 210.

Turudi kwa bibi harusi wetu na tiketi yake, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza walichokipata.

Tiketi ya bei ndogo mara nyingi inapita Dubai, Doha au Muscat. Chukueni Dubai kama mfano. Unguja hadi Dubai kilomita 3,900, kisha Dubai kurudi Jeddah 1,700. Jumla 5,600, karibu mara mbili ya rula yetu. Mnaiona njia hiyo? Ni ile ya jahazi: unakwenda mashariki, unapita mahali pako, kisha unarudi magharibi. Na katikati kuna kusubiri. Muda wa hewani ni saa nane na kidogo, lakini tumeona tiketi zenye kusubiri saa kumi na nne uwanjani, na siku nzima inakwisha kwenye viti vya chuma. Inayopita Addis Ababa ni tofauti, kwa sababu Addis iko karibu kabisa na mstari wetu: 1,700 kwenda Addis, 1,400 kwenda Jeddah, jumla ile ile 3,100. Hapo unapoteza ule muda wa kusubiri tu, si masafa.

Kwa mtu mwenye likizo ya mwezi, tofauti hii haina uzito. Lakini bibi harusi wetu wengi ni walimu, wauguzi, au wana duka kama sisi, na fungate lao ni siku saba. Ukipoteza siku moja kwenda na moja kurudi, umebakiwa na tano za kugawa baina ya Makka na Madina. Unafuu wa tiketi ulinganishe na thamani ya siku mbili za Haram. Sisi tunaona ni bora kupunguza meza mbili za walima na kununua njia iliyonyooka, na tunajua mama wa harusi hawatatupenda kwa neno hili.

Njia iliyonyooka ina na utamu wake. Ukikaa kwenye kiti ukatazama mbele, uso wako uko kibla karibu safari nzima. Wa Dubai anapaswa kuuliza kila baada ya muda. (Masharti ya swala ya faradhi ndani ya ndege muulizeni shekhe wenu, sisi tunazungumzia upande tu.) Na ukikaa dirishani, baada ya milima ya Habasha utaona bahari nyembamba. Ndiyo ile waliyoivuka Masahaba waliokimbia mateso ya Makka, na miongoni mwao alikuwamo Bibi Ruqayya binti wa Mtume (S.A.W.) pamoja na mumewe Uthman, nao walikuwa maharusi vijana. Uthman huyo huyo, alipokuwa Khalifa, ndiye aliyeifanya Jeddah bandari ya Makka, mwaka 26 wa Hijria.

Jambo la maharimu pia lilikuwa likihesabiwa kwa mwendo. Katika hadithi za safari ya mwanamke, mpaka umetajwa kwa muda: mwendo wa siku na usiku wake, na katika riwaya nyengine siku tatu. Mashafii tangu zamani wanamruhusu mwanamke kwenda Hijja ya faradhi pamoja na kundi la wanawake wenye kuaminika. Mwaka 2022 Waziri wa Hijja wa Saudia, Tawfiq al-Rabiah, alitangaza kuwa mwanamke anaweza kwenda Hijja au Umra bila ya maharimu. Bibi harusi maharimu wake yuko pembeni yake, lakini mjane na aliyeachika wanaosoma hapa wanalihitaji hili zaidi, na tunawashauri wakae na shekhe wanayemuamini kabla ya kulipa pesa.

Kuhusu nguo. Ufupi wa safari unabana muda wa ihramu. Wa jahazi alikuwa na siku nzima ya kujiandaa kabla ya kufika usawa wa Yalamlam, mikati ya wanaokuja kwa njia ya Yemen. Kwenye ndege mhudumu akishatangaza mikati, imebaki dakika chache tu. Kwa hiyo ogeni na kuvaa nyumbani, na nia muiweke tayari. Ihramu ya mwanamke haina mshono maalumu wala rangi maalumu, msiuziwe. Juba pana la pamba, mtandio usioteleza, na uso na viganja viwe wazi, bila nikabu wala glavu. Nguo hiyo na nyengine moja ziwe kwenye mkoba wa mkononi, msizitie kwenye begi kubwa, kwani begi likichelewa mtabaki na mlichovaa.

Mkitua, kituo cha treni ya Haramain kiko hapo hapo uwanjani. Ilianza kuchukua abiria mwaka 2018, na zile usiku mbili za ngamia imezifanya chini ya saa moja. Ukiondoka Kiembe Samaki asubuhi kwa ndege ya moja kwa moja na mambo ya uhamiaji yakaenda vizuri, Insha Allah Isha unaiswali Haram.